Injini Mpya Haitanirudishia Karo Yangu

Siku hizi kila anayejiita mtu wa kompyuta, kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui, anazungumzia kuhama. MySQL 8.0, toleo lililotoka Aprili 2018 na ambalo limebeba mifumo mingi midogo ya hapa kwetu, mwisho wa msaada wake ulipangwa kuwa Aprili 2026. Baada ya hapo hakuna viraka vya usalama, ujipange mwenyewe. Anayetaka utulivu anahamia 8.4, toleo la msaada wa muda mrefu lililotoka Aprili 2024. Na kila nikifungua simu naona kijana mwenzangu anapiga kelele kuhusu kitu kimoja tu: kasi. Ati injini mpya ina kasi. Ati miamala elfu ngapi kwa sekunde. Michoro ya rangi, mistari inapanda juu, mioyo na moto chini yake.

Mimi nasema hebu tupoe kidogo. Kasi ni nzuri, sijakataa. Lakini hakuna mtu niliyewahi kumwona analia Malindi kwa sababu databesi ilichelewa nusu sekunde. Waliolia nawajua, na kilichowaliza kilikuwa kitu kingine kabisa.

Kwa wale walioanza kunifuata juzi: mimi niko Muyeye, Malindi, niliacha chuo mwaka wa pili, na haya mambo najifunza mwenyewe usiku bando likiwa rahisi. Kuna jamaa huniambia kila mara, "Wewe hukumaliza chuo, utatufundisha nini kuhusu databesi?" Swali zuri. Databesi ndizo zilizonitoa chuo. Nitafika hapo.

Kwanza tuelewane maneno. Databesi, au hifadhidata kwa Kiswahili cha vitabuni, ni daftari kubwa. Injini ya kuhifadhi ni mkono unaoandika ndani ya hilo daftari. Ndiyo inayoamua data ikae wapi kwenye diski, nani amsubiri mwenzake, na stima ikikatika katikati ya kazi, nini kibaki na nini kifutwe. Kwa MySQL, mkono huo kwa kawaida unaitwa InnoDB.

Sasa kuna mzee mmoja ana duka mtaani kwetu, ukitaka kuelewa InnoDB nenda ukakae kwake jioni moja. Ana madaftari mawili. Lile dogo, limejaa mafuta na alama za vidole, linakaa karibu na mizani. Kubwa liko kwenye droo. Ukichukua unga kwa deni anaandika kwanza kwenye lile dogo, upesi upesi, mstari chini ya mstari, vile mambo yanavyotokea. Kisha ndio anakupa unga. Usiku akishafunga anahamisha kwenye lile kubwa, kila mteja na ukurasa wake, kwa mwandiko mzuri. Katikati ya kuhamisha stima ikipotea, hana wasiwasi. Kesho anafungua lile dogo, anaona alifika wapi, anaendelea.

InnoDB hufanya vivyo hivyo. Kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye logi, logi inasukumwa mpaka diski, ndipo programu inaambiwa "imekubaliwa". Kuhamisha kwenye kurasa zenyewe kutafanyika baadaye, kwa nafasi. Na upande wa pili inaweka kumbukumbu ya vile mambo yalivyokuwa mwanzo, ili kazi iliyoishia njiani ifutwe kana kwamba haikuwahi kuanza. Hapo ndipo neno muamala linapata maana yake. Toa 500 kwa Amina, weka 500 kwa Saidi: ama yote mawili yametokea, ama hakuna lililotokea. Katikati hakuna.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani MySQL ilikuja na injini nyingine, MyISAM, ambayo haikujua muamala ni nini. Ilikuwa nyepesi na yenye kasi ya kusoma, watu waliipenda. Lakini mmoja akiandika, jedwali zima linafungwa, wengine wote foleni. Na seva ikizimika ghafla, unawasha unakuta jedwali limevunjika, unaanza kulitengeneza huku unaomba Mungu. InnoDB ilianzishwa na Heikki Tuuri huko Helsinki, Finland, na kampuni yake ikanunuliwa na Oracle mwaka 2005. Ilipofika toleo la 5.5, Desemba 2010, ndiyo ikafanywa injini ya kawaida. Fikiria sasa mahali kama kwetu, ambapo stima hukatika na wingu likitanda tu. Kwa mwenye kliniki ndogo hapa Malindi, ile 2010 ilikuwa na maana kuliko kasi yoyote inayoimbwa leo. Na bado kuna mifumo ya shule na vyama vya akiba iliyowekwa na kijana fulani miaka hiyo, akalipwa, akaenda zake Nairobi, na hakuna aliyeigusa mpaka leo. Inakaa kwenye kompyuta yenye vumbi, imefunikwa na kitambaa cha kufuma.

Niliamua kujaribu mwenyewe, maana mimi siamini michoro. Nina leptopu ya mtumba, betri yake ilishakufa, ukichomoa waya inazima hapo hapo. Nikaweka 8.4, nikatengeneza akaunti mbili za kuchezea, kila moja shilingi 100,000, na programu ndogo inayohamisha 100 kutoka huku kwenda kule, tena na tena, mbio mbio. Halafu nikachomoa waya. Nikawasha, nikajumlisha: 200,000. Nikachomoa tena. Mara kumi. Mdogo wangu alidhani nimechanganyikiwa. Mara zote kumi jumla ilikuwa 200,000, hata shilingi moja haikupotea njiani. Nilikaa nikaiangalia ile namba kwa muda. Mimi najua shilingi zinavyopotea njiani.

Sayansi hii ya miamala ina baba, na kisa chake watu wa pwani wanafaa kukijua. Jim Gray, Mmarekani, ndiye aliyeweka sehemu kubwa ya msingi wake, na mwaka 1998 akapewa tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta hakuna kubwa zaidi. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua ya tanga kwenda upande wa visiwa vya Farallon, kumwaga majivu ya mamake baharini. Hakurudi. Walinzi wa bahari walitafuta, marafiki zake wakaleta picha za setilaiti, watu wengi wa kujitolea wakazikagua mraba kwa mraba kwenye kompyuta zao. Hata ubao haukuonekana. Huku kwetu nyumba nyingi za wavuvi zinajua maana ya chombo kutoka na kisirudi, hakuna maiti, hakuna kaburi, hujui uweke matanga au uendelee kungoja. Mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha hakuna jambo linalobaki katikati, yeye mwenyewe akabaki hivyo.

Wiki tano baadaye, tarehe 6 Machi 2007, M-PESA ikazinduliwa Kenya.

Hapo ndipo sisi wote tulipoingia kwenye miamala bila kujua. Mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na soko hajui InnoDB wala Oracle, lakini anajua kusubiri meseji iseme "imethibitishwa" kabla hajafunga mahamri kwenye gazeti. Ukimwambia "imetoka kwangu, subiri tu itaingia", anakuangalia. Yeye hana katikati. Hiyo ndiyo elimu yote ya Jim Gray, na anaitumia alfajiri kabla jua halijatoka. Mwanzoni seva za M-PESA zilikuwa Ujerumani, zikahamishiwa Kenya Aprili 2015. Na Septemba 22 mwaka 2025, usiku wa manane, huduma ilisimamishwa kwa saa chache ili kuhamia mfumo mpya wa ndani, Fintech 2.0. Namba iliyotangazwa: miamala 6,000 kwa sekunde, na nafasi ya kupanda mpaka 12,000. Nakiri 12,000 kwa sekunde si mchezo. Wewe ukisema "moja" kwa mdomo wako, pesa zimeshabadilisha mikono mara elfu kadhaa.

Basi sasa karo yangu.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Chuo sikitaji. Benki siitaji. Mamangu aliuza mbuzi wawili, chama chake kikamkopesha zilizobaki, tukapata 18,500, ndio salio lote nililokuwa nadaiwa. Nikalipa kwa simu kwenda akaunti ya chuo iliyoko benki, na namba yangu ya usajili nikaiandika nikaisoma mara tatu kwa sauti, mamangu akiwa kando anafuatisha kwa kidole. Meseji ikaja. Imethibitishwa. Mamangu akasema alhamdulillahi, akaenda kulala.

Mtihani ulikuwa Jumatatu inayofuata. Bila kadi ya mtihani huingii, na bila salio kuwa sufuri kadi haichapishwi. Alhamisi nikafungua portali ya chuo: nadaiwa 18,500. Ijumaa vile vile. Nikaenda ofisi ya hesabu na simu mkononi. Nikamwambia, "Madam, nimelipa, meseji hii hapa." Akaiangalia kwa heshima, si mtu mbaya, akasema, "Kijana, mimi meseji siwezi kuiingiza kwenye mfumo. Leta taarifa ya benki." Nikakimbia benki. Benki wakaangalia wakasema pesa ipo kwenye akaunti ya chuo tangu siku ile ile, wao wamemaliza. Nikarudi mbio, ofisi imefungwa, Ijumaa saa kumi na moja.

Jumatatu asubuhi madam akanigeuzia skrini ili nione mwenyewe. Benki hutuma faili ya Excel yenye malipo yote. Mtu huipakua, huisafisha, huipandisha kwenye mfumo wa chuo. Huyo mtu alikuwa likizo ya msiba. "Faili za wiki hii bado hazijaingia." Alisema hivyo kwa upole kabisa. Mtihani wa kwanza ulikuwa saa tatu, na sisi tulikuwa saa tatu na robo.

Pesa ilionekana kwenye portali siku ya 11. Kufikia hapo nilikuwa nimekosa karatasi nne. Nikaambiwa nitarudia mwaka unaofuata, kwa karo ya mwaka unaofuata. Mamangu hakuwa na mbuzi wengine.

Sasa ndio maana nasema tupoe na michoro ya kasi. Angalieni kesi yangu kama mafundi. Mfumo wa simu ulifanya kazi yake sawasawa: pesa ilitoka, ikaandikwa, ikathibitishwa. Databesi ya benki ilifanya kazi yake sawasawa: pesa iliingia, ipo, haikupotea. Databesi ya chuo nayo ilifanya kazi yake sawasawa: haijaambiwa kitu, kwa hiyo inasema nadaiwa. Kila injini ilikuwa kweli tupu, na mimi nikakosa mtihani. Ahadi ya "ama yote ama hakuna" inaishia kwenye ukuta wa databesi moja. Ukishatoka nje ya huo ukuta uko baharini.

Wazee wa Kilifi watanielewa upesi. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, ukitoka Mnarani kwenda Kilifi mjini ulivuka kwa feri. Barabara ya upande huu ilikuwa ya lami, ya upande ule ya lami pia. Ungekuwa na gari jipya la kasi ya namna gani, ukifika ukingoni unazima injini unangoja, feri ikiharibika umelala hapo. Ile faili ya Excel ndiyo feri. Chuo na benki wanaweza kununua kila toleo jipya linalotoka, 8.4, 9, hata 20. Wanaweka magari mapya kila upande wa maji na feri ni ile ile ya kamba.

Na jambo linaloniuma ni kwamba daraja lipo, tena jina lake ni hilo hilo. Safaricom kwa miaka sasa imefungulia waandishi wa programu njia yake inayoitwa Daraja: mtu akilipa, mfumo wako unapigiwa hodi papo hapo, unaambiwa namba ya muamala, kiasi, na akaunti iliyoandikwa. Nimeitumia. Si kazi ya mainjinia 50, ni kazi ya wiki kwa mtu aliyetulia. Siri yake ni mambo mawili tu. Weka namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye jedwali lako, maana hodi ile ile inaweza kupigwa mara mbili na hutaki kumwandikia mtu amelipa mara mbili. Halafu kila usiku linganisha orodha yako na yao, anayekosekana umtafute wewe, usingoje aje dirishani na simu mkononi analia. InnoDB itakulindia hilo jedwali vizuri sana. Lakini lazima habari imfikie kwanza.

Haya, wanaohama wahame, na mimi nahamisha watu. Nina mwenye nyumba ya wageni Watamu, Mzee mmoja mchangamfu, kanipa kazi hiyo, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya nikae nikaandika yote haya. Kwa hivyo nimalizie na yale ya kazi.

Chukua nakala ya akiba kabla hujagusa chochote, na ujaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine uone kweli inafunguka. Kutoka 8.4 huwezi kurudi 8.0 juu ya data ile ile, ukishavuka umevuka. Programu za zamani za PHP zinaweza kukataliwa mlangoni, kwa sababu ile njia ya kale ya nywila, mysql_native_password, imezimwa kwenye 8.4 usipoiwasha mwenyewe. Usiiwashe halafu ukasahau, rekebisha programu. Halafu kuna hili ambalo hakuna anayelisema kwenye video: 8.4 imebadilisha mipangilio kadhaa ya InnoDB ikichukulia kwamba una diski ya kisasa. innodb_io_capacity, kwa mfano, imetoka 200 ikaenda 10,000. Kama seva yako ni kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka, imewekwa chini ya meza ya mapokezi na paka analala juu yake kwa sababu ina joto, irudishe chini hiyo namba.

La mwisho ndilo la kwanza. Kuna mpangilio unaitwa innodb_flush_log_at_trx_commit. Ukiwa 1, kila muamala unafika diski kabla ya kusema umekubaliwa. Ukiuweka 0 au 2 mambo yanakwenda mbio kweli, na ndivyo baadhi ya hiyo michoro inavyopatikana, lakini stima ikikatika unaweza kupoteza kama sekunde moja ya kazi ambayo ulishawaambia watu imekubaliwa. Uache kwenye 1. Sekunde moja ni ndogo mpaka iwe ni ile uliyolipia wewe.

Mdogo wangu anaingia chuo Septemba. Si kile changu. Nilipiga simu pale nikauliza malipo yanafikaje kwenye portali, nikahamishwa dirisha tatu, mwisho dada mmoja akaniambia, "Tunapokea faili kutoka benki." Nikamuuliza kila siku? Akasema inategemea. Basi nimemwambia mdogo wangu alipe wiki tatu kabla, apige picha ya meseji, aende na taarifa ya benki iliyochapishwa na kugongwa muhuri, na aulize kwa jina nani hupandisha ile faili, na akiwa hayupo nani anamshikia.